Ipindue, Mheshimiwa

Fundi alikuwa hagusi baiskeli mpya mpaka mwenyewe uipindue. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kibanda chake pale Ipagala, Dodoma, na asiyeijua alifundishwa mbele za watu. Ulifika na chombo chako kinang'aa, kina gia na nyaya na breki za diski, ukamwamkia. Aliitikia marahaba huku akitazama tairi, si wewe. Kisha akasema, "Ipindue." Uliigeuza magurudumu juu, tandiko vumbini, wewe na shati lako la kazini, naye akachukua spana ndefu akaanza kugonga kifaa kimoja kimoja. "Hii nini? Inafanya kazi gani? Isipofanya kazi, ni kwa nini?" Ukikosea jibu, spana ilirudi pale pale ikagonga tena, polepole. Kando ya kibanda palikuwa na benchi la mbao, na waliokalia benchi lile hawakuja kutengenezewa chochote. Walikuja kwa ajili ya mtihani.

Mimi nilifanya mtihani wangu mwezi uleule niliohamia Dodoma. Ofisi yetu ililetwa huku kutoka Dar, daktari akaniambia sukari yangu inapanda, nikanunua baiskeli ya kisasa kabla hata sijanunua meza ya kulia. Fundi aligonga diski ya mbele.

"Hii nini?"

"Breki, Fundi."

"Inashikaje?"

Nikababaika, nikasema inabana.

"Isiposhika, ni kwa nini?"

"Sijui, Fundi."

"Hajui," akaliambia benchi. "Lakini ameipanda kutoka mjini mpaka hapa, kati ya malori. Umefeli, Mheshimiwa."

Benchi zima lilicheka mpaka mmoja akashika tumbo. Jina la Mheshimiwa likanikaa, na hadi leo kuna watu Ipagala hawajui jina langu lingine. Mtu mwenye akili angetafuta fundi mwingine. Mimi nilirudi wiki iliyofuata, na sababu naisema hapa bila kujipamba: ukishachekwa wewe, unapata nafasi ya kukaa benchini ukamcheka anayefuata. Nilikuwa mpweke, na lile lilikuwa benchi pekee Dodoma lililonijua. Nilikaa pale Jumamosi nyingi kuliko siku nilizokaa msikitini au kanisani maisha yangu yote.

Fundi alikuwa Mrangi wa Kondoa, mwembamba, mkavu, kofia yake ya kusalia imebadilika rangi kwa mafuta ya mnyororo. Mikono yake ilikuwa mizuri. Aliweza kunyoosha ringi lililopinda kwa kulizungusha mbele ya jicho moja tu, bila kipimo, na ukilipanda halikuyumba. Kazi ya namna hiyo sijaiona tena, hata kwenye duka kubwa la mjini lenye mashine. Nasema hivi mapema kwa sababu mengine nitakayosema si mazuri, na sitaki mtu adhani sikujua thamani yake.

Baiskeli yake mwenyewe ilikuwa nyeusi, ya Kichina, ya zamani, gia moja, breki za chuma ambazo mpira wake aliupata kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la spea mjini, aliyekuwa anamfichia. Kwake yeye hiyo ndiyo ilikuwa baiskeli, na vilivyokuja baadaye vyote vilikuwa, kwa neno lake, mapambo. Gia zilikuwa za watu wasio na miguu. Springi za mbele zilikuwa za watu wasio na makalio. Breki za diski hakuzitengeneza kabisa. Alikupa mtihani, akakufelisha, akakuzibia pancha, na ukimwomba aguse breki alikuambia umpelekee aliyekuuzia.

Siwezi kusema hakuwa na hoja. Kikundi chetu cha baiskeli cha Jumamosi alfajiri, kabla ya benchi, kilikuwa na kiongozi, bosi fulani, ambaye baiskeli yake ilibadili gia kwa betri. Ukibonyeza kidole tu, mnyororo unahama wenyewe. Siku moja tukienda Zuzu betri ikaisha, mnyororo ukabaki kwenye gia nzito kuliko zote, na upepo wa huku mnaujua. Bosi akashuka anasukuma. Fundi akatupita na ile nyeusi yake, nyuma amefunga gunia la mkaa na juu ya gunia kuku wawili. Hakupunguza mwendo. Alisema tu, "Mchajini bosi, labda ana njaa," akaenda zake. Bosi hakuendesha tena na sisi, na kusema kweli hakuna aliyemkumbuka.

"Kitu huwezi kukitengeneza njiani kwa jiwe na waya," Fundi alikuwa anasema, "hicho umeazimwa." Nilikubaliana naye nusu. Miiba ya migunga ya huku haiulizi baiskeli yako imetengenezwa mwaka gani, inatoboa zote. Mkulima wa Makutupora anayefunga makreti mawili ya zabibu kwenye keria hahitaji gia kumi na mbili. Lakini Fundi hakuishia hapo. Alitaka na asiyekuwa mkulima wa Makutupora aendeshe kama mkulima wa Makutupora, na asipoweza, aone aibu.

Palikuwa na mlinzi mmoja mzee, analinda jengo huko mjini, anakaa juu kabisa mlimani ambako maji hayafiki. Alijinyima muda mrefu akanunua baiskeli ya mtumba yenye gia, kwa sababu magoti yake yalikuwa hayapandi tena. Aliileta kwa Fundi kufungwa stendi. Alipoirudia jioni, gia zote zilikuwa zimeng'olewa, mnyororo umefupishwa, kimebaki kigurudumu kimoja cha meno nyuma. "Nimeitibu," Fundi akamwambia. Mlinzi aliuliza gia ziko wapi. Fundi akamwonyesha mtaroni. Yule mzee aliinama pale mtaroni anaokota vyuma, anavipangusa kwa koti lake la kazi, machozi yanamtoka, na sisi wa benchini tukacheka. Tulicheka kwa sababu Fundi alikuwa anacheka. Baada ya hapo tulimwona mlinzi akipita kwa miguu.

Fundi huyohuyo, akija mama na baiskeli ya kubebea madumu ya maji, aliacha kazi ya kila mtu. Hakumpa mtihani, hakumkejeli, alimkalisha kivulini na kumtengenezea kwanza. Watu wakinisimulia wema wake leo husimulia hilo, na ni kweli. Ila nami nilikuwa namwona jinsi alivyotutazama sisi tuliokuwa tunasubiri juani, na nadhani nusu ya ule wema ilikuwa kwa ajili yetu.

Kanuni yake kubwa ya kazi ilikuwa moja, na hiyo haikuwa ya mtihani, ilikuwa ya mkono. Kitu kikipiga kelele, kipe mafuta. Alikuwa na kopo la maziwa ya watoto lililojaa oili chafu aliyokuwa anapewa gereji, na brashi ya kupakia rangi. Pedali ikilia, mnyororo ukilia, tandiko likilia, aliinua brashi hata kabla hujamaliza kueleza. Kwa baiskeli nyeusi hiyo ni kanuni safi. Miaka yote hiyo sikuwahi kuona ikimkosea.

Sasa nije kwenye bati lake la biskuti. Lilikaa chini ya meza yake ya kazi, limefungwa kwa mpira wa tyubu, na tuliamini ni la pesa. Siku moja niliwahi, mchana wa Ijumaa, kibanda kiko kimya, nikamkuta amejifungia nyuma ya pazia la gunia na bati liko wazi mapajani. Ndani kulikuwa na kifaa cha kuhamisha gia, kimesafishwa kama kijiko cha harusi, na breki ya diski nzima, imefunguliwa vipande, vimepangwa juu ya kitambaa cheupe. Alikuwa anajaribu kuirudisha. Kipande kimoja kilibaki mkononi na hakujua kinakaa wapi. Aliponiona alifunika bati, akaniuliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mheshimiwa, hii kitu wewe umeielewa?"

Nilikuwa nimeielewa. Mwezi mmoja kabla, breki yangu mwenyewe ilianza kupiga kelele, nikaipeleka kwa kijana wa duka la mjini, akanieleza yote. Alinionyesha pedi mbili zinavyoibana ile sahani ya chuma, na akanisisitizia jambo moja: hapa mafuta hayagusi, hata tone, ukipaka mafuta umeiua breki, ikilia ifute kwa spiriti. Ningeweza kukaa na Fundi nusu saa tu nikamweleza. Badala yake nilisubiri kesho yake, benchi limejaa, nikasema kwa sauti, "Fundi, ipindue hiyo biskuti yako tuone." Nikawasimulia. Benchi lilimcheka yeye kwa mara ya kwanza. Nilijisikia vizuri, vizuri sana, kwa siku nzima.

Fundi alingoja wiki tatu.

Siku aliyonilipiza ilikuwa Jumamosi asubuhi, baada ya mvua za kwanza, nimeleta baiskeli kubadilishiwa tairi. Nilikuwa nimefunga taa mpya na kile kisaa cha kuhesabu mwendo. Mke wangu alikataa kuhamia Dodoma. Alibaki Dar, na kwa wakati ule alikuwa ameshaacha kupokea simu zangu. Nilimwambia Fundi hilo tukiwa wawili tu, siku moja ya unyonge, na alinisikiliza kwa upole. Asubuhi ile alikiangalia kisaa, akaliangalia benchi.

"Mnajua kwa nini Mheshimiwa kila mwezi anaongeza kitu kwenye baiskeli? Mke amemkimbia. Anadhani akipata gia za kutosha atamfikia Dar."

Mtu mmoja alicheka mpaka akaanguka kutoka benchini. Mimi nilitabasamu, maana pale usipotabasamu wanaongeza. Masikio yalikuwa yanawaka moto, na nilimchukia kwa chuki ambayo sijawahi kuielekeza kwa mtu mwingine.

Kabla kicheko hakijaisha, Salima akafika. Salima ni binti yake, mtoto wake pekee, na hapo alikuwa ameajiriwa na ushirika wa wakulima wa Makutupora. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mashambani kukagua mizabibu, kuangalia ukungu kwenye majani na kuwaelekeza wakulima. Ushirika ulimpa baiskeli mpya, ya breki za diski mbele na nyuma. Alimwamkia baba yake, akatuamkia na sisi.

"Baba, breki zinalia tangu mvua inyeshe. Watu wa njiani wananigeukia."

Kwa mtu mwingine yeyote Fundi angesema peleka kwa aliyekuuzia. Kwa Salima hakuweza, na mbele ya benchi lililomcheka wiki tatu nyuma hakuweza zaidi. Hakumwambia aipindue. Aliipindua mwenyewe, akazungusha gurudumu, akasikiliza ule mlio. Akainua kopo. Alipaka diski ya mbele pande zote mbili, akaikandamiza oili iingie kwenye pedi, akapaka ya nyuma. Akazungusha tena, kimya. "Imepona," akasema.

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka pale, na maneno yalikuwa mdomoni tayari. Nikafikiria jinsi atakavyofika barabarani, abonyeze breki, baiskeli isisimame, arudi kwa miguu na kumwambia baba yake mbele ya benchi lote kwamba ameiharibu. Nililitaka hilo. Nilitaka nikae pale nilione. Kwa hiyo nilinyamaza.

Salima alipanda, akatoka. Nilimfuata kwa macho mpaka kwenye lami. Alipofika makutano hakubonyeza breki. Alishusha mguu akaburuza kandambili, kama wanavyosimama, kwenye mwendo mdogo, wote waliojifunzia baiskeli zisizo na breki, kama alivyofundishwa na baba yake. Nikaona kwamba hajazijaribu. Niliinuka. Fundi akaniuliza, "Unaenda wapi, Mheshimiwa, Dar?" Wakacheka. Nikakaa.

Mteremko uko mbele huko, barabara ya Makutupora, na chini ya mteremko lilikuwa limesimama lori la mchanga. Waliotuletea habari walisema alikuwa anapiga kelele watu wampishe, mpaka akalivaa lile lori. Hakufa. Goti la kulia lilisagika, akalazwa miezi, na mguu haukukunjika tena.

Fundi hakulia mbele yetu. Alikaa siku mbili hajafungua, na alipofungua alikuwa na maneno. "Breki za diski zimemvunja mwanangu," alisema. "Niliwaambia, hamkunisikia." Na watu walimsikia sasa. Ipagala nzima ilisikia. Wanaume niliowafahamu waliuza baiskeli zao mpya, wakatafuta nyeusi. Hata wa kikundi cha Jumamosi walikuja kumsikiliza kwa heshima. Kila mteja alisimuliwa mteremko ule na lile lori, na kwenye masimulizi hayo hapakuwa na kopo. Pale benchini nikasikia watu wakiniuliza, "Mheshimiwa, wewe ulikuwepo, si ndiyo?" Nikajibu ndiyo. Nilikuwa shahidi wake mkubwa. Kisha nikaacha kwenda.

Nilikuja kumwona Fundi tena mwaka huu, niliposikia anaumwa, nyumbani kwa Salima huko Zuzu, alikohamia Salima ili awe karibu na kazi. Kazi ya Salima sasa ni ya kukaa kwenye kiti kwenye kituo cha zabibu cha ushirika hukohuko, anaandika mizani inasema nini, maana mashambani hawezi kutembea mwendo mrefu. Fundi alikuwa amelala kitandani sebuleni, kifua kimemshinda, mikono ile imebaki mifupa. Nilimwamkia. Aliitikia na, kwa mara ya kwanza, alinitazama mimi.

Salima alitoka kwenda kuchemsha chai. Aliposikika mbali, Fundi akasema, "Kijana wa duka la mjini alinifuata wiki ileile ya ajali. Akanieleza habari ya mafuta. Nimejua miaka yote."

Nikatazama mlango aliopitia Salima.

"Na wewe ulijua kabla yangu. Nilikuona ulivyolitazama kopo. Nilidhani unanicheka."

"Mbona hukumwambia Salima?"

"Mbona hukuniambia mimi?"

Salima akarudi na birika, mguu wa kulia unaburuza, na chini ya kwapa ana karatasi. Alimimina chai, akakaa, akaniambia, "Kaka, afadhali umekuja, nisaidie kuamua. Ushirika wamepata baiskeli za betri. Unakanyaga kidogo tu, mota inasukuma, hata mwenye goti kama langu anaweza. Wanataka nirudi mashambani. Nimeambiwa nijibu kesho, nikikataa wanampa mwingine." Alinionyesha ile karatasi, barua yao. "Lakini zina zile breki. Baba miaka yote ananiambia zitaniua. Mimi nataka kurudi shambani, kaka. Kile kiti kinanimaliza. Ila kila nikiifikiria breki ile, nauona ule mteremko."

Fundi aliingiza mkono chini ya mto. Akatoa diski, sahani ya breki ya ile baiskeli yake Salima, safi, haina hata alama ya mafuta. Aliinyoosha kwangu.

"Haya, Mheshimiwa. Hii nini?"

Salima alitabasamu. Alikulia kwenye mtihani ule.

"Breki ya diski, Fundi," nikasema.

"Inashikaje?"

"Pedi mbili zinaibana huku na huku."

"Isiposhika," akasema, "isiposhika, ni kwa nini?"

Sikuwahi kumwona Fundi akimwomba mtu kitu, na pale aliniomba. Alikuwa hana mdomo wa kumwambia binti yake mwenyewe, akautaka wangu. Neno lilikuwa moja tu, mafuta. Ningelisema, Salima angeelewa kwamba breki ile haikuwa na kosa, angeichukua baiskeli, angerudi kwenye mizabibu yake. Na pia angegeuka aniulize ninajuaje, na nimejua tangu lini. Alikuwa ananitazama na kikombe mkononi, ananisubiri, ananiamini.

"Sijui, Fundi," nikasema.

Diski ilibaki hewani kidogo, kisha mkono ukashuka nayo kwenye blanketi.

"Umefeli tena," alisema, na hakucheka.

Salima alikunja ile karatasi mara mbili, akaiweka chini ya sahani ya birika. "Basi," akasema, "kama hata nyinyi mnaozijua hamzijui, nitawaambia wampe mwingine." Nilimaliza chai kwa sababu nilishindwa kuiacha. Alisisitiza kunisindikiza mpaka barabarani, ingawa nilimkataza, na tulikwenda hatua kwa hatua, mimi nikisukuma baiskeli yangu, yeye akivuta mguu wake kwenye mchanga.

"Samahani, kaka," aliniambia, "nakuchelewesha."